Stakabadhi ya karatasi bado ina kazi Mtwara

MSIMU wa korosho wa 2018/19 uliwaonyesha wakulima wa Mtwara thamani ya kipande cha karatasi. Novemba 2018, baada ya wakulima kugomea bei za minadani, Serikali iliamua kununua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo. Malipo yaliambatana na uhakiki, kwa lengo la kuwabana walanguzi wa kangomba. Mwenye stakabadhi alikuwa na pa kuanzia. Aliyeipoteza alibaki kutegemea kumbukumbu za karani.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Msimu wa 2024/25 minada ya korosho iliingia katika mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na wakulima wamesajiliwa kwa ajili ya pembejeo za ruzuku. Wapo wanaouliza, daftari la nini tena?

Swali ni la haki, lakini linachanganya mambo mawili. Kompyuta huhesabu na kusambaza taarifa haraka. Kuthibitisha ni kazi nyingine: kunahitaji nakala mbili, kwa watu wawili wasio na maslahi mamoja. Ndiyo nguvu ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08. Mzigo ukipimwa, nakala moja hubaki chamani, nyingine huenda na mkulima. Kilo 60 zikirukwa wakati wa kuingiza takwimu, kwa bei ile ya 2018 ni Sh198,000. Mkulima atadai kwa kutumia nini kama hana karatasi?

Wakubwa nao hawajaacha vya zamani. Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua pepe za baadhi ya wateja wa Google. Zilirejeshwa kutoka kwenye mikanda ya sumaku, teknolojia ya miaka ya 1950. Hapa kwetu, Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchini. Bahati njema haukuwa msimu wa korosho.

Hata hivyo, si kila karatasi inafaa. Risiti za mashine za kielektroniki huchapwa kwa joto na hufutika, hasa zikikaa juani au karibu na jiko. Anayeuza samaki wakavu Msimbati au Mikindani na kuihifadhi risiti ya namna hiyo kwa ajili ya hesabu za kodi, aitoe kivuli mapema. Nakala ya kaboni hudumu zaidi, mradi isifikiwe na mchwa wala unyevu wa masika: mfuko wa nailoni ndani ya kopo lenye mfuniko unatosha. Simu nayo ipige picha, iwe nakala ya tatu.

La msingi zaidi hufanyika pale kwenye mizani. Kabla ya kuondoka, mkulima asome kilo, daraja, tarehe na jina lake, maana makosa ya karani husahihishwa kwa urahisi gunia likiwa bado linaonekana.