Bomba la Chongoleani na bei ya dizeli Chumbageni

UKIKAA nusu saa kwenye kijiwe cha kahawa pale Chumbageni, jijini Tanga, hutakosa kusikia hoja hii: bomba la mafuta kutoka Uganda litashusha bei ya petroli na dizeli, kwa sababu sasa mafuta ni ya hapa hapa nyumbani. Ni hoja tamu masikioni, hasa kwa mwenye Fuso, mwenye mashine ya kusaga na mvuvi wa boti ya injini. Lakini mfanyabiashara anayepanga mipango yake kwa kuitegemea anaweza kuumia, kwa kuwa mafuta ya bomba lile siyo yale yanayouzwa vituoni.

Bomba hilo la kutoka Hoima hadi Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko Tanzania. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani Agosti 2017 na Rais John Magufuli na Rais Yoweri Museveni. Mafuta yake ni ghafi, tena mazito yenye nta, kiasi kwamba bomba lazima lipashwe joto njia nzima ili yasigande. Mafuta hayo yamekusudiwa kupakiwa melini na kuuzwa nje. Kiwanda pekee cha kusafisha mafuta tulichokuwa nacho, TIPER cha Dar es Salaam, kiliacha kazi hiyo miaka mingi iliyopita na kubaki na kazi ya kuhifadhi.

Faida zipo, na si haki kuzibeza. Shirika letu la TPDC lina hisa asilimia 15 katika kampuni ya bomba, na tozo ya kusafirisha imepangwa kuwa dola 12.77 kwa kila pipa. Ujenzi nao ulileta vibarua na wateja wa mama lishe. Hata hivyo, faida hizo hupitia Hazina na mifukoni mwa waliopata kazi au zabuni. Hazipitii kwenye pampu ya kituo cha mafuta.

Bei inapangwa wapi?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, ikitenganisha mafuta yaliyoingia kwa bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Bei hiyo inajengwa na mambo manne: bei ya mafuta yaliyosafishwa katika soko la dunia, gharama za meli na bima, thamani ya shilingi mbele ya dola, na kodi na tozo za ndani.

Mambo mawili ya kwanza hayako mikononi mwetu. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147. Desemba mwaka huo huo lilikuwa chini ya dola 40. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ilipanda tena, na Agosti mwaka huo lita ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,400, pamoja na kwamba Serikali ilikuwa inatoa ruzuku. Kuhusu dola, tulijifunza Agosti 2023, ilipokuwa adimu: lita ya petroli ilipanda kwa zaidi ya shilingi 400 ndani ya mwezi mmoja.

Tozo ni uamuzi wetu wenyewe. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini. Mkulima wa Lushoto anayepoteza mboga kwenye matope anaweza kuiona tozo hiyo kuwa halali, ilimradi barabara aione. Hilo ndilo swali la kumuuliza diwani na mbunge.

Somo la mbono

Mafuta yanapopanda, huja pia wanaotuambia tulime nishati. Tuliyaona hayo kati ya mwaka 2005 na 2010. Kisarawe, kampuni ya Kiingereza ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji kwa kilimo cha mbono. Kilwa ilikuja Bioshape ya Uholanzi, na Bagamoyo ikaja SEKAB ya Sweden na mpango wa miwa. Zilikuja zote na ahadi za ajira, visima na zahanati.

Bei ya mafuta ilipoanguka na fedha za wawekezaji kukauka baada ya mtikisiko wa uchumi wa dunia, miradi ilianguka nayo. SEKAB ilijiondoa mwaka 2009. Kisarawe shughuli zilisimama mwaka 2011 na mamia ya wafanyakazi wakarudi nyumbani. Kosa kubwa lilikuwa kwenye ardhi: ili mwekezaji apewe hati, ardhi ya kijiji ilihamishwa na kuwa ardhi ya jumla. Mradi ulipokufa, ardhi haikurudi kijijini yenyewe.

Mkoa wa Tanga una mfano wa namna nyingine. Kwenye mkonge, nyuzi ni sehemu ndogo sana ya jani. Sehemu kubwa hutupwa. Pale Hale, Katani ilijenga mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na kisha umeme, na hakuna kijiji kilichoombwa shamba jipya kwa ajili hiyo. Vivyo hivyo mfugaji wa ng'ombe wa maziwa mwenye mtambo mdogo wa samadi anapata gesi ya kupikia na mbolea bila kupoteza hata robo eka. Gesi hiyo haiendeshi Fuso, ni kweli, lakini inapunguza mkaa.

Basi atakayekuja na zao la nishati aulizwe mambo matatu: nani atanunua bei ya mafuta ikishuka, chakula kitalimwa wapi, na ardhi itarudi kwa nani mradi ukifa. Asiye na majibu ya maandishi asipewe muhtasari wa kijiji.

Piga hesabu kabla ya kulipa

Kwa kuwa hatuwezi kuamrisha soko la dunia, kinachobaki ni kujua hesabu zetu. Tuchukue mfano. Fuso inatumia lita 60 kwenda na kurudi, ikibeba magunia 80. Dizeli imepanda shilingi 400. Gharama ya safari imeongezeka kwa shilingi 24,000, sawa na shilingi 300 kwa gunia. Mwenye gari akiongeza shilingi 1,000 kwa gunia na kusema "mafuta yamepanda", shilingi 700 hazikwenda kwenye mafuta. Na bei ikishuka mwezi unaofuata, nani anayekumbuka kupunguza nauli?

Mkulima anayejua hesabu hii hubishana kwa namba, na huelewana na mwenye gari kwamba nauli ipande na kushuka kwa kufuata bei kikomo. Wakulima watano wakijaza gari moja wana nguvu zaidi ya mmoja mwenye magunia kumi.

Kwa mvuvi mambo ni magumu zaidi. Akitumia lita 30 za petroli kwa safari, shilingi 400 kwa lita ni shilingi 12,000, na bahari haimhakikishii samaki. Huyu ndiye anayeumia kwanza, kwa hiyo mkopo wa injini upangwe kwa bei ya juu ya mafuta, siyo ya mwezi wa neema.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hizo shilingi 700 za kila gunia zinazolipwa bila kuulizwa nazo hujaza kibaba, ila ni kibaba cha mtu mwingine. Bomba liiletee nchi mapato yake. Mkulima na mchuuzi wa Tanga wasilisubiri liwapigie hesabu.