Figo kupandikizwa ni jambo moja, kukubaliwa na mwili ni jingine

SAKATA ya biashara ya figo iliyozuka Aprili 2025, baada ya vyombo vya habari vya Ujerumani kufichua shughuli zilizohusishwa na hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret, iliufanya upandikizaji wa viungo kuwa gumzo la mitaani na bungeni. Wizara ya Afya ilisimamisha huduma hiyo katika hospitali husika na kuunda jopo la uchunguzi. Mjadala ulielekea kwenye pesa, na haikuwa ajabu: nani alilipwa, nani alilaghaiwa, nani alifumba macho. Swali moja liliachwa nje ya mlango. Figo zinazopandikizwa humu nchini hudumu miaka mingapi ndani ya miili ya waliozipokea?

Swali hilo laweza kuonekana kuwa la wasomi waliojifungia maabarani. Kwa familia iliyouza kipande cha shamba na kuandaa harambee mbili ili mgonjwa wao aachane na mashine ya kusafisha damu, hilo ndilo swali lenyewe. Figo ikikataliwa na mwili mwaka wa pili, shamba limekwenda, ndugu aliyejitolea amebaki na figo moja, na mgonjwa amerudi kitandani alikotoka. Tena safari hii hali yake ni mbaya zaidi, kwa sababu mwili uliokwisha kupigana na figo moja huwa umejifunza kuipiga ya pili.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Kinga ya mwili haijui methali hiyo. Kazi yake ni kumtambua mgeni na kumwangamiza, na haitofautishi kijidudu cha kipindupindu na figo iliyotolewa kwa mapenzi na dada wa mgonjwa. Mwingereza Peter Medawar alilithibitisha hilo katika miaka ya 1940, alipochunguza ni kwa nini ngozi ya mtu mmoja hainati juu ya mwili wa mwingine aliyeungua, na kwa nini ngozi ya pili kutoka kwa mtoaji yuleyule hukataliwa upesi kuliko ya kwanza. Utafiti wake juu ya kinga ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1960.

Kwa hivyo haikuwa sadfa kwamba upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu kwa muda mrefu, uliofanywa na Joseph Murray mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954, ulihusu pacha wa kufanana. Richard Herrick alipewa figo ya pacha wake Ronald, na akaishi miaka minane zaidi. Kinga yake haikuona mgeni yeyote. Upande wa pili wa shilingi ulidhihirika Cape Town mnamo Desemba 1967. Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu, ulimwengu mzima ukashangilia, na mgonjwa Louis Washkansky akafariki baada ya siku 18 kwa nimonia. Moyo wenyewe ulikuwa ukipiga. Dawa alizopewa ili asiukatae zilimwachia mwili usio na ulinzi. Tangu wakati huo taaluma hii imekuwa ikitembea juu ya kamba hiyo nyembamba: dawa kidogo, kiungo kinakataliwa, dawa nyingi, maradhi mengine yanaingia.

Juu ya seli za kila mtu mna alama za protini ambazo wanasayansi huziita HLA. Maelekezo ya kuziunda yamo katika kromosomu ya sita, na kila mtoto hurithi fungu moja kutoka kwa baba na jingine kutoka kwa mama. Ndiyo maana mzazi na mwanawe hulingana nusu kwa nusu. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu, mbili kati ya nne za kulingana nusu, na moja kati ya nne ya kutolingana hata kidogo. Kundi la damu nalo lazima litazamwe kwanza. Mgonjwa wa kundi O, kwa kawaida, hupokea kutoka kwa O mwenzake tu, ingawa yeye mwenyewe aweza kumpa yeyote.

Laiti mambo yangeishia hapo, upandikizaji ungekuwa hesabu ya kujumlisha na kutoa. Mwaka wa 1969 Ramon Patel na Paul Terasaki wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti ambao hadi leo unafaa kusomwa na yeyote anayesimamia hospitali ya upandikizaji. Walichukua majimaji ya damu ya mpokeaji na kuyachanganya na chembechembe nyeupe za mtoaji kabla ya upasuaji. Chembechembe zikifa, ina maana mpokeaji tayari ana kingamwili dhidi ya mtoaji huyo. Kati ya wagonjwa 30 waliopandikizwa licha ya jaribio kuonyesha hatari, figo za 24 zilikufa papo hapo. Kati ya 195 ambao jaribio lao lilikuwa safi, zilizokufa hivyo zilikuwa nane. Ni tofauti isiyohitaji mtaalamu wa takwimu kuifafanua.

Kingamwili hizo hutoka wapi? Hutoka katika mambo matatu: kuongezwa damu, kupandikizwa kiungo hapo awali, na ujauzito. La tatu lina uzito wa pekee katika nchi kama Kenya. Mama aliyezaa watoto watano na mumewe amewahi kukutana na alama za mume huyo mara tano kupitia kwa watoto, na huenda mwili wake umezikariri. Mume anapojitolea kumpa figo, mapenzi yake hayana dosari, lakini damu ya mkewe yaweza kuwa imekwisha kutoa hukumu. Mgonjwa wa figo naye hupungukiwa damu, na sindano za kuchochea utengenezaji wake zikikosekana au bei ikimshinda, huongezwa damu ya watu wengine. Kila chupa humsaidia leo na huenda ikamfungia mlango wa kesho.

Terasaki na wenzake walirudi na habari nyingine mwaka wa 1995, na hii iliwastaajabisha hata madaktari. Walipolinganisha rekodi za Marekani, waligundua kwamba baada ya miaka mitatu asilimia 85 ya figo zilizotolewa na wake au waume zilikuwa zikifanya kazi, dhidi ya asilimia 82 ya zile zilizotolewa na wazazi na asilimia 70 ya zile zilizotoka kwa marehemu. Damu nzito kuliko maji, husema wahenga, lakini hapa watu wasio na udugu wa damu walikuwa sambamba na wazazi. Sababu iliyotolewa ni kwamba figo ya mtu aliye hai na mwenye afya huhamishwa ikiwa haijaumia, na uzima huo wa kiungo hufidia kutolingana kwa alama. Uwiano wa HLA ungali na maana, hasa miaka inapozidi kusonga, ila si mfalme pekee katika nyumba hii.

Tokeo hilo lilifungua mlango mwema na mlango mbaya kwa wakati mmoja. Lilihalalisha kitabibu utoaji wa mke kwa mume na rafiki kwa rafiki. Pia lilimpa dalali wa viungo hoja, kwamba mtu baki anafaa. Asichokisema dalali ni kwamba wale wa mwaka wa 1995 walichunguzwa kwa makini, hawakuwa na haja ya kuficha historia ya maradhi yao, na baada ya upasuaji walifuatiliwa. Kijana aliyeahidiwa pesa ana kila sababu ya kunyamazia homa ya manjano ya ini aliyougua mwaka jana au shinikizo la damu la ukoo wao. Azimio la Istanbul la mwaka wa 2008, lililopinga biashara na utalii wa upandikizaji, lilikuwa na msingi wa kimaadili, lakini ukweli wa kitabibu nao uko upande wake.

Kuhusu dawa, hatua kubwa ilipigwa siklosporini ilipoidhinishwa Marekani mwaka wa 1983, kisha ikaja takrolimasi. Utafiti uitwao Symphony, uliochapishwa mwaka wa 2007 na kuhusisha wagonjwa 1,645, ulilinganisha mifumo minne ya dawa. Waliopewa takrolimasi kwa kipimo cha chini, pamoja na dawa nyinginezo, walipatwa na mashambulizi ya kukataa figo kwa asilimia 12.3 katika miezi kumi na miwili ya kwanza, ilhali waliopewa siklosporini kwa kipimo cha kawaida walifikia asilimia 25.8. Hospitali nyingi duniani ziliegemea mfumo huo.

Hapa ndipo daktari wa Nairobi au Eldoret anapopaswa kusita kidogo. Waafrika wengi wana aina ya jeni ya CYP3A5 inayoufanya mwili uvunje takrolimasi kwa kasi. Mwongozo wa kitaalamu wa kimataifa uliotolewa mwaka wa 2015 unapendekeza watu wa aina hiyo waanzishiwe kipimo cha mara moja na nusu hadi mara mbili ya kile cha kawaida. Kipimo kinachomtosha Mswidi chaweza kumwacha Mkenya bila kinga ya kutosha dhidi ya kinga yake mwenyewe. Tiba ni kupima kiwango cha dawa katika damu mara kwa mara, na upimaji huo una gharama ambayo haitajwi kwenye kadi ya harambee.

Mfano wa pili ni jeni ya APOL1. Mwaka wa 2010 wanasayansi walitangaza kwamba mabadiliko mawili ya jeni hiyo, yanayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, husaidia mwili kupambana na vimelea vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Malipo yake ni makubwa: anayeyarithi kutoka kwa wazazi wote wawili huwa katika hatari zaidi ya figo zake kufeli. Tafiti zilizofuata nchini Marekani zikaonyesha kwamba figo za watoaji wa aina hiyo hufa mapema kuliko nyingine. Kabla ya hapo, na hata baadaye, lawama iliwekwa kwenye rangi ya ngozi. Hadi mwaka wa 2024 fomula ya Marekani ya kukadiria ubora wa figo ya marehemu ilimshusha mtoaji kwa kuwa Mweusi tu.

Lakini mabadiliko hayo yameenea zaidi Afrika Magharibi kuliko Afrika Mashariki. Matokeo ya Wamarekani Weusi, ambao wengi asili yao ni magharibi mwa bara hili, hayawezi kunakiliwa na kubandikwa juu ya Mkamba, Mluo au Mswahili wa Lamu. Wala takwimu za London haziwezi. Bara hili, ambalo wakazi wake wana alama za HLA za namna nyingi kuliko bara jingine lolote, ndilo lenye rekodi chache zaidi za upandikizaji. Kwamba Waafrika waweza kuziandika wenyewe, Cape Town imeonyesha. Kuanzia mwaka wa 2008, Elmi Muller na wenzake waliwapandikizia wagonjwa wenye virusi vya ukimwi figo za marehemu waliokuwa na virusi hivyohivyo, jambo ambalo nchi tajiri hazikuthubutu. Ripoti yao ya mwaka wa 2015 kuhusu wagonjwa 27 ilionyesha kwamba asilimia 74 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Walieleza waziwazi pia kwamba visa vya mwili kukataa figo vilikuwepo na vilihitaji uangalizi.

Suala la dawa za maisha lina funzo lake kutoka Marekani. Kwa miaka mingi bima ya serikali huko iliwalipia wagonjwa wengi dawa za kutuliza kinga kwa miezi 36 pekee. Waliokosa bima nyingine walianza kuruka vidonge, figo zikafa, na serikali ileile ikarudi kulipia mashine kwa gharama kubwa zaidi. Sheria ya kurekebisha upuuzi huo ilipitishwa mwaka wa 2020 na kuanza kutumika Januari 2023. Kenya ilibadilisha NHIF kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mnamo Oktoba 2024. Mgonjwa anayetaka kujua kama upandikizaji utamfaa hana budi kuuliza kuhusu dawa za mwaka wa tano kabla ya kuuliza kuhusu ada ya upasuaji. Katika nchi ambako kifua kikuu kingali tishio, aulize pia atakingwaje nacho pindi kinga yake itakapoteremshwa.

Majibu hayatapatikana bila daftari la taifa. Kule Heidelberg, Ujerumani, Gerhard Opelz alianzisha mwaka wa 1982 mradi wa kukusanya matokeo ya upandikizaji kutoka vituo vya nchi mbalimbali. Kilichohitajika ni fomu, uaminifu na subira: mpokeaji, mtoaji, uwiano wa alama, jaribio la damu, dawa, na hali ya figo mwaka baada ya mwaka. Kenya ina sheria ya afya ya mwaka wa 2017 inayopiga marufuku uuzaji wa viungo, na ina shirika la KBTTS lililokabidhiwa masuala ya damu na upandikizaji. Hospitali kutangaza idadi ya upasuaji bila kutangaza idadi ya figo zilizo hai ni sawa na mkulima kuhesabu mbegu alizopanda. Daftari kama hilo lingewezesha pia ubadilishanaji wa watoaji: mume asiyelingana na mkewe ampe mke wa mwingine, na yule mwingine amlipe kwa figo iyo hiyo.

Mtoaji naye aandikwe humo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2014 ulikadiria kwamba katika miaka 15, figo za watoaji wapatao 31 kati ya 10,000 hufeli, ikilinganishwa na takriban wanne miongoni mwa watu wenye afya sawa nao wasiotoa. Hatari hiyo ni ndogo kwa mtu aliyechunguzwa vyema na anayepimwa kila mwaka. Kijana aliyelipwa gizani na kurejeshwa kijijini kwa matatu hana barua ya daktari wala kadi ya kliniki. Siku atakapofika katika zahanati ya kwao akiwa na shinikizo la damu, tabibu atakayempokea hatajua kwamba ana figo moja, isipokuwa aone kovu na kuuliza.