Utabiri wa Tuzo Kutoka Nyakanazi: Anayependwa Kwenye Banda la Video Siye Anayebeba

Msimu wa tuzo ukikaribia, pale njia panda ya Nyakanazi wilayani Biharamulo ubishi haukosekani. Madereva wa malori yanayoelekea Rusumo na Kabanga wamepaki, chai na chapati ziko mezani, TV ya mgahawa inaunguruma, na mjadala ni mmoja tu: safari hii nani anabeba?

Mmoja anamtaja yule dada wa tamthilia, anayelia mpaka mtazamaji naye anatafuta leso. Mwingine anasema hakuna kama yule mchekeshaji, kwamba akikosa safari hii basi tuzo zimechakachuliwa. Wa tatu bado yuko na mkongwe wake aliyeanza kumwona tangu enzi za mikanda ya VHS. Mama ntilie anapita na sufuria lake, anatupa neno moja: "Bisheni tu, atachukua yuleyule wa mjini."

Na mara nyingi mama ntilie ndiye anayepatia.

Siri yake ni ndogo. Wale madereva wanajibu swali la nani bora. Yeye anajibu swali la nani atashinda. Hayo ni maswali mawili tofauti, na mtu akiyachanganya atalia na kulaumu waandaaji kila mwaka.

Kwanza hesabu simu, kipaji baadaye

Mwaka 2014, kwenye Tuzo za Muziki Tanzania, zile zilizozoeleka kwa jina la Kili, msanii mmoja wa Bongo Fleva aliondoka na tuzo 7 kwa usiku mmoja. Watu wakasema basi, mfalme kapatikana, ligi imekwisha. Mwaka uliofuata upepo ukageuka. Mshindani wake mkubwa, aliyekuwa amekaa kimya muda mrefu kisha akarudi na wimbo mkali, ndiye aliyefagia.

Hakuna anayebisha kwamba wote wawili wana vipaji. Lakini kipaji cha mtu hakihami ndani ya miezi kumi na miwili. Kilichohama ni hamasa ya timu. Mashabiki wa kundi moja walikuwa wameshiba, wa kundi la pili walikuwa na njaa, na mwenye njaa ndiye anayekesha na simu. Baada ya hapo tuzo zenyewe zikalala, zikarudi mwaka 2022 chini ya BASATA, na ubishi ukaendelea palepale ulipoachwa.

Kanuni ya kwanza ya utabiri basi ni hii: palipo na kura za mashabiki, asitazamwe nani kafanya kazi nzuri, atazamwe nani ana watu wa kupiga kura kuanzia asubuhi hadi usiku.

Kanuni ya pili watu wengi huisahau: angalia nani yuko kwenye orodha. Desemba 2016 zilipofanyika Tuzo za EATV pale Mlimani City, zikihusisha muziki na filamu kwa pamoja, majina fulani makubwa hayakuonekana, na mitandaoni pakawaka moto. Ila asiyeingia uwanjani hafungi goli. Kuna mastaa wanaosusa, kuna ambao kazi zao hazikuwasilishwa, kuna ambao menejimenti zao zililala. Ukitabiri bila kusoma orodha, umetabiri ndoto.

Wagombea wanne ambao hawabadiliki

Ukizitazama tuzo hizi kwa miaka kadhaa utaona majina yanabadilika, lakini watu ni walewale wanne.

Wa kwanza ni staa wa mjini. Huyu ana wafuasi wengi mtandaoni, ana mpiga picha wake, na wiki mbili kabla ya sherehe lazima litokee jambo: mara kaachana na mpenzi, mara karudiana, mara kapost picha ya gari halafu kafuta. Watu huita kiki. Utabiri: atachukua tuzo ya chaguo la watazamaji, na hotuba yake itakuwa ndefu kuliko za wenzake.

Wa pili ni mwanadada wa tamthilia. Tangu vituo vya kulipia vilipoanza kuonyesha tamthilia za Kibongo siku hadi siku, kama vile Huba na Jua Kali za Maisha Magic Bongo, muigizaji anaingia sebuleni kwa watu karibu kila jioni. Huyu ana faida moja kubwa kuliko wa filamu: mtazamaji anamzoea kama jirani. Utabiri: akishindanishwa na wa filamu kwenye kipengele kimoja atamshinda. Akitenganishwa naye, presha itakuwa kati ya wanawake wawili wa tamthilia moja, mke na mchepuko, na mchepuko ndiye atakayeshinda. Mbaya huwa na maneno matamu zaidi kwenye skripti.

Wa tatu ni mkongwe. Anaheshimika, kila anayepanda jukwaani anamshukuru, lakini mashabiki wake ni watu wazima wasiojua kupiga kura mtandaoni, na wakijua hawana muda. Utabiri: atapewa tuzo ya heshima, ukumbi mzima utasimama kumpigia makofi, na kesho yake atarudi kutafuta kazi kama kawaida.

Wa nne ni mchekeshaji. Huyu ndiye kipenzi halisi cha watu wa Ngara na Biharamulo, na ndiye anayeumia zaidi. Vipande vyake vinatumwa kutoka simu hadi simu, vinachekwa kwenye mabasi, kwenye vilabu vya pombe ya ndizi na hata kwenye misiba usiku wa manane. Lakini anayecheka kipande kilichotumwa na shemeji yake hajui hata jina kamili la muigizaji, atampigiaje kura? Utabiri: atashiriki, atachekesha watu kwenye zulia jekundu, atarudi mikono mitupu.

TV moja, watu thelathini, kura ngapi?

Hapo ndipo Ngara na Biharamulo zinapoingia kwenye hoja.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 320,000 katika kila moja ya wilaya hizi mbili. Ukijumlisha unapata zaidi ya 640,000, na leo wameongezeka. Hao si watazamaji wachache. Ni watu wanaojua tamthilia, wanaofuatilia, wanaokasirika mhusika akifa. Lakini namna wanavyoangalia ni tofauti na ya Sinza au Mbezi.

Nenda Rulenge, nenda Benaco, nenda Lusahunga au Nyakahura jioni. King'amuzi kimoja kimelipiwa, na mbele yake kuna watu thelathini: wenye nyumba, majirani, watoto wa majirani, na kijana mmoja aliyekuja kuchaji simu akaishia kukaa. Kifurushi kikiisha katikati ya mwezi, wote thelathini wanahamia kwa jirani au kibanda umiza. Mjini, nyumba ya watu wanne ina simu janja nne na bando nne, kwa hiyo ni kura nne kwa uchache. Huku watu thelathini wanaweza wasitoe hata kura moja, kwa sababu wengi wameshika kitochi, na mwenye simu janja bando lake limebaki la kupokea meseji za ndoa na misiba tu.

Kisha uongeze mpaka. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi kwa pamoja. Mkazi wa karibu na Rusumo au Kabanga anajua shida ya simu kudaka mtandao wa nchi jirani ghafla na salio kuyeyuka. Mtu wa namna hiyo, hata ampende muigizaji vipi, hawezi kuchezea vocha yake kumpigia kura mtu anayeishi zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake.

Kwa hiyo, anapotangazwa mshindi wa chaguo la watazamaji, swali linabaki: watazamaji gani?

Wapo watakaosema hayo ni mambo madogo, tuzo ni sanamu la kuweka kabatini. Siyo kweli. Anayeshinda ndiye anayeitwa kwenye tangazo la sabuni na la kampuni ya simu. Ndiye anayelipwa zaidi kwenye kazi inayofuata. Na prodyuza naye ana macho: akiona kinachoshinda ni stori ya jumba la ghorofa, mama mkwe mkorofi na urithi wa kampuni, atatengeneza nyingine ya hivyohivyo. Wilaya isiyohesabiwa kwenye kura haitahesabiwa kwenye stori.

Na stori zipo. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takribani siku moja wakikimbia mauaji ya Rwanda, na Benaco ikageuka ghafla kuwa mji mkubwa wa mahema. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Radio Kwizera, redio iliyosaidia watu waliopotezana kutafutana. Watu wazima wa Ngara wanaisimulia miaka ile jioni yoyote ukiwapa nafasi. Kuna maisha ya madereva wanaolala Nyakanazi siku tatu, kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Biharamulo, kuna ndoa za Wahangaza zilizovuka mpaka kabla mpaka haujawa na geti. Muigizaji wa kuzicheza yupo. Kamera ndiyo haijafika.

Mkoa mmoja, kura moja

Dawa ipo, na Watanzania walishaionja wakaifurahia.

Mwaka 2014 kijana wa Kitanzania alishinda Big Brother Africa na kuondoka na dola 300,000. Kati ya waliochuana naye alikuwemo Mnigeria, na Nigeria ina watu wengi mara kadhaa kuliko Tanzania. Kama kura zingemwagwa kwenye kapu moja na kuhesabiwa, ingekuwa kazi ngumu mno. Lakini mfumo ulikuwa kura moja kwa kila nchi: watazamaji wa nchi wanapiga zao, anayeongoza katika nchi hiyo anapata kura moja ya nchi. Nigeria kura moja, Tanzania kura moja. Siku ile mitaani hakuna aliyesema mfumo ni mbovu.

Basi mfumo uliomlinda Mtanzania mbele ya Nigeria unaweza kuilinda Kagera mbele ya Dar es Salaam. Kwenye kipengele cha chaguo la watazamaji, kila mkoa upewe kura yake. Staa wa mjini akitaka kushinda, itabidi apendwe Kigoma, Lindi, Rukwa na Kagera, siyo kwenye kundi moja la WhatsApp. Na timu yake italazimika kupanda basi kuja kuona watu wanaangalia nini.

Yupo atakayesema mkoa wenye wapiga kura wachache ni rahisi kununuliwa: unatuma vijana kumi na vocha, umemaliza. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Ndiyo maana kura za mikoa zisiachwe peke yake. Majaji wabaki na sehemu yao, na kuwe na kiwango cha chini cha kura ili mkoa uhesabike. Pia njia ya kupigia iwe meseji ya bure kwa kitochi, na redio za wilayani zipewe kazi ya kutangaza vipengele na wagombea, kwa sababu huku redio inafika ambako bando halifiki.

Tena wazo la kutoka nje ya Dar siyo geni. Tamasha la filamu la Bodi ya Filamu lilifanyika Mbeya mwaka 2021 na Arusha mwaka 2022, na dunia haikuisha. Siku moja likija Kagera, hata kama ni kwa kuonyesha filamu zinazowania kwenye viwanja vya Ngara mjini na Biharamulo wiki moja kabla, watu watajaa mpaka juu ya miti.

Wanaosema watu wa pembezoni hawajui kuchagua kizuri wakumbuke jambo moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanamama wa Kagera aliimba kwa Kihaya, na nchi nzima ikacheza bila kuelewa nusu ya maneno. Mwaka 2016 staa mkubwa wa mjini akauchukua wimbo uleule, akautengeneza upya, ukavuma tena. Kizuri kilitoka huku, mjini wakakipokea kwa kuchelewa.

Kwa sasa, hadi hesabu ibadilike, utabiri ni uleule. Dada wa tamthilia atalia kwenye runinga na kushinda kipengele chake. Mkongwe atasimamiwa. Mchekeshaji atarudi bila kitu. Staa wa mjini atabeba kubwa. Pale Nyakanazi madereva watapiga meza kwa hasira, na mama ntilie atakusanya vikombe huku akisema aliwaambia. Yeye mwenyewe, akiulizwa angempa nani tuzo, angemtaja mchekeshaji. Ila kura yake hajawahi kuombwa na mtu.