Beringi ilikuwa nzima, mteja nikampoteza

Wauza spea wenzangu, ule msemo wetu wa "mzigo ukitoka dukani haurudi" unatumaliza.

Niliuza beringi ya tairi la mbele, Corolla ya zamani. Kesho yake mteja akaja mbogo: "Umeniuzia kimeo!" Kumbe beringi nzima. Shafti iligoma kutoka kwenye habu, fundi akaitwanga nyundo kwenye ncha. Nyuzi zikalala, nati haikamati tena. Sasa anatafuta shafti, na lawama zote kwangu.

Kwa maoni yangu, kosa langu lilikuwepo. Meseji moja tu ingeokoa. Siku hizi kila beringi inaondoka na maelezo haya:

1. Gari likiwa chini na tairi limefungwa, chomoa pini ya nati, pulizia dawa ya kutu, subiri.
2. Mtu akanyage breki, legeza nati kwa soketi namba 30 na bomba refu. Usihangaike nayo gari likiwa juu ya jeki, linaweza kuanguka.
3. Shafti ikigoma, rudisha nati mpaka ilingane na ncha, weka kipande cha mbao, ndipo ugonge taratibu. Ukiwa na pula, bora zaidi.

Wapo watakaosema tunawafundisha mafundi kazi yao. Sawa, ila anayedaiwa pesa irudi si fundi, ni wewe.

Bidhaa yako wewe, mteja hukwama wapi akifika nayo nyumbani? Mwandikie kabla hajakwama.