Rangi ya dende si ushahidi wa wizi

Dende jike mweusi amezaa watoto watatu, na mmoja kati yao ni mweupe kama pamba. Dume naye ni mweusi. Mbele hata jua halijazama, maneno yanaanza: mama aliyepewa kumchunga amebadilisha mtoto, mweusi amemuuza sokoni na mahali pake ameweka kile cheupe. Na kama mama huyo ni mkimbizi wa vita, anayelala katika nyumba ya watu, nani atamwamini?

Hukumu ya namna hii ni ya uongo, na inapaswa kukoma.

Katika Kivu jamaa nyingi zinafuga dende, yule ambaye Wafaransa wanamwita kobayi. Anakula majani na maganda ya viazi vitamu, na vita vikifika anabebwa ndani ya kikapu. Ng'ombe habebwi hivyo, hata mbuzi ni shida. Ndiyo maana jamaa iliyopoteza shamba na nyumba inaweza kuanza upya na jike mmoja. Mara nyingi jike huyo si wake. Mwenyeji anamtoa, mkimbizi anamlisha, watoto wanagawanywa. Mapatano hayo ni mazuri. Yanaharibika siku watu wanapoifanya rangi kuwa hakimu.

Wanaoshitaki wana neno moja tu: mweusi anazaa mweusi. Neno hilo si kweli. Kila dende ana mbegu mbili za rangi, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mbegu ya weusi inafunika mbegu ya weupe. Kwa hiyo dende anaweza kuwa mweusi tii huku amebeba weupe ndani yake, na jicho la mtu haliwezi kuuona.

Mzee anayetaka kuhakikisha achukue mifuko miwili na maharagwe. Kila mfuko autie haragwe moja jeusi na moja jeupe. Mfuko mmoja ni baba, mwingine ni mama. Atoe haragwe moja kila mfuko bila kuangalia, ayarudishe, na kutoa tena mara nyingi. Likitoka jeusi hata moja, mtoto ni mweusi. Yakitoka meupe mawili, mtoto ni mweupe. Ataona kwamba weupe wawili wanakuja karibu mara moja katika kila mara nne. Ataona pia kwamba wanaweza kukosekana mara nyingi mfululizo, kisha wakatoka mara mbili pamoja. Basi yule anayesema «jike huyu amezaa mara tatu weusi watupu, weupe umetoka wapi?» amejibiwa. Ulikuwa ndani tangu mwanzo. Wekundu nao unaweza kujificha vilevile chini ya weusi.

Jambo hili lilipimwa zamani, tena kwa dende wenyewe. Mwaka 1909, huko Marekani, William Castle na John Phillips walitangaza kwamba walitoa kiungo cha mayai cha dende mweusi, wakakiweka ndani ya jike mweupe ambaye chake kilikuwa kimeondolewa. Jike huyo alipandwa na dume mweupe. Watoto aliowazaa walikuwa weusi, hakuna hata mmoja mweupe. Manyoya ya mama aliyewabeba hayakuwa na neno. Mbegu ndiyo ilisema.

Kuna shitaka la pili. Mtoto alizaliwa mweupe mzima, mwenye macho mekundu, na baada ya wiki kadhaa pua, masikio na miguu vinageuka vyeusi. «Huyu si yule tuliyemuona!» Ni yule yule. Weupe wa namna hiyo kwa dende ndivyo ulivyo: sehemu za mwili zenye baridi zinapata rangi nyeusi pole pole. Anayemfukuza mchungaji kwa sababu hiyo anamfukuza bure.

La tatu ni baya zaidi. Mtoto anazaliwa mweupe, macho madogo sana au hayapo kabisa, meno yameharibika, na mara nyingi anakufa. Watu wanasema ni uchawi, au mchungaji hakumlisha mama. Lakini watoto hao wanatokea pale dume na jike wote wawili wana manyoya meupe yaliyochanganyika moja moja na yale ya rangi, kama nywele za mzee anayeanza kuota mvi. Wakikutanishwa wawili wa namna hiyo, karibu mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kuzaliwa hivyo. Na dume anachaguliwa na nani? Mara nyingi ni mwenye mali. Basi asimtwishe mchungaji mzigo ambao ameufunga mwenyewe.

Ni kweli, kuna wakati rangi inaleta swali. Dume na jike wote weupe wenye macho mekundu hawatazamiwi kuzaa mweusi. Hata hapo, swali la kwanza si wizi. Mimba ya dende inachukua karibu siku 68, na saa chache baada ya kuzaa jike anaweza kupandwa tena. Dume wa jirani aliyepenya usiku mmoja, zaidi ya miezi miwili iliyopita, anatosha kueleza yote.

Ushahidi wa kweli upo, na hauna bei. Siku ya kuzaa, mwenyeji na mchungaji waangalie pamoja, na jirani mmoja awe shahidi. Waandike katika daftari tarehe, hesabu ya watoto, dume na jike, na alama za kila mmoja. Akifa mmoja, waitane na kumuona kabla hajazikwa. Mzee wa mtaa akiletewa kesi, aombe daftari na mashahidi. Kama mshitaki hana kingine isipokuwa rangi, kesi ifungwe siku hiyo hiyo, na mama arudishiwe dende wake na jina lake.

Mwizi yupo, na ashikwe. Lakini mtu aliyekwisha kufukuzwa kwake na risasi asifukuzwe mara ya pili kwa sababu ya manyoya meupe.