Zima-washa si dawa

Leo nina hasira, mtanivumilia.

Ruta ya wifi ikigoma Nairobi, unanyoosha mkono, unachomoa waya, unachomeka tena. Kwisha. Sasa njoo huku Garissa. Ruta iko juu ya mlingoti, kwenye shule moja mbali na mji. Njia ni mchanga, na mvua ikinyesha hakupitiki. Fundi anapoteza siku nzima kwenda kubonyeza swichi, na wiki ijayo inaganda tena. Tunalaumu joto, vumbi na stima. Nami nililaumu hayo hayo, mpaka nikaileta ruta yenyewe mezani kwangu, kivulini, kwenye umeme safi. Ikaganda vilevile. Ugonjwa ulikuwa ndani ya draiva, ile programu inayoendesha redio ya wifi: makufuli yake yalishikwa ovyo.

Makufuli gani? Fikiria kisima kule Wajir. Mchungaji mmoja ameshika kamba, anangoja ndoo. Mwenzake ameshika ndoo, anangoja kamba. Hakuna anayeachia. Maji yapo, ngamia wanakufa kiu. Ndani ya draiva kazi moja inatuma pakiti, nyingine inatafuta mitandao ya jirani, na kila moja imefunga data ambayo mwenzake anaihitaji. Redio ni nzima, lakini hakuna kinachopita.

Dawa si siri: kila mtu ashike kamba kwanza, halafu ndoo. Wala hukagui kwa macho. Tangu toleo la 2.6.18, mwaka 2006, keneli ya Linux ina lockdep, kazi ya Ingo Molnár na Arjan van de Ven. Inakumbuka makufuli yanashikwa kwa mpangilio gani, na inapiga kelele ikiona mpangilio unaoweza kukwama, hata kama haujakwama bado. Unaiwasha wakati wa majaribio kwa CONFIG_PROVE_LOCKING. Inapunguza kasi, ndiyo, kwa hiyo unaizima kabla ya kusambaza. Kutoiwasha kabisa ni uvivu.

Wakubwa wenyewe hawaoni aibu kurekebisha. Mwaka 2021, toleo la 5.12, wifi ya Linux ilipunguza kutegemea kufuli moja la mitandao yote, kila kifaa kikapata lake. Januari 2024, toleo la 6.7, makufuli kadhaa madogo yakaondolewa, kazi ikaachiwa hilo la kifaa. Makufuli machache, kanuni wazi.

Najua mtaniambia: "Ipange ijiwashe upya kila usiku, maisha yaendelee." Kama huduma ya kwanza, sawa. Lakini ikiganda saa tatu asubuhi, wanafunzi wangoje usiku? Na keneli ikiganda yote, hata hiyo saa ya kujiwasha haitalia. Baya zaidi, kosa likishafichwa hakuna atakayelitafuta.

Mimi nililipata kwa sababu draiva ile ni programu huria. Nilibadilisha mistari michache tu. Ingekuwa imefungwa, ningebaki kubonyeza swichi kama wengine.

Kwa hiyo shule, zahanati, kaunti, mashirika ya Dadaab: kabla hamjalipia vifaa, ulizeni swali moja. Msimbo wa draiva uko wapi? Muuzaji akianza kubabaika, rudisheni pesa mfukoni.