Wati Nazo Zipimwe Kama Dozi

Tabibu makini hamwandikii mtoto dawa kabla ya kujua uzito wake. Ajabu ni kwamba kompyuta inayotunza kumbukumbu za mtoto huyo huweza kununuliwa na kufungwa kituoni bila mtu yeyote kukadiria umeme inaouhitaji. Uzembe huu hauna budi kukomeshwa, kwa kuwa anayeulipia ni mgonjwa.

Kosa la kwanza ni kuisoma vibaya lebo ya pawa saplai. Wati 500 zilizoandikwa hapo ni kikomo cha uwezo wake, si umeme unaotumika kila saa. Kukadiria hakuhitaji uhandisi. Katika kompyuta ya kawaida ya ofisi, prosesa ihesabiwe wati 65, ubao mama na kumbukumbu wati 40, diski na feni wati 20. Jumla ni 125. Ikiongezwa nusu yake kwa ajili ya vilele vya kazi na uchakavu, hazifiki wati 200. Pawa saplai ya wati 300 inatosha, mradi iwe ya kweli. Kwani zipo za bei ya chini ambazo lebo zake hutangaza nguvu ambazo vifaa vyenyewe haviwezi kuzibeba.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya yote ni kununua kubwa zaidi. Hoja hiyo haina mashiko. Pawa saplai kubwa hailindi kompyuta dhidi ya umeme kukatika. Fedha iliyozidi ingenunua betri.

Kosa la pili liko kwenye UPS. Namba kubwa kwenye boksi lake ni volti-ampea, wala si wati. UPS ya 650 VA yenye kipeo cha nguvu cha 0.6 hubeba wati 390 tu. Kompyuta mbili na vioo vyake zitakaa humo kwa raha. Ikichomekwa na printa ya leza, ambayo huvuta mamia ya wati inapopasha moto rola yake, UPS huzidiwa na kuzima. Taarifa za mgonjwa zilizokuwa zikiingizwa hupotea, na foleni ya mapokezi husimama.

Kwa vituo vinavyotegemea jua, hesabu ni nzito zaidi. Kompyuta 5, kila moja na kioo chake zikitumia wati 100 kwa saa 8, zinahitaji wati-saa 4,000 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400, lakini haifai kutumiwa zaidi ya nusu ikiwa inatakiwa kudumu. Siku ya mawingu mazito, betri 4 ndizo zitakazohitajika, wala si 2. Aidha, kompyuta hizo zisiunganishwe kamwe na umeme wa jokofu la chanjo, ambalo joto lake lazima libaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Chanjo iliyoharibika haionekani kwa macho.

Suluhisho ni jepesi: kila ombi la kununua kompyuta liwe na safu ya wati na saa za matumizi, ijazwe na fundi kabla ya mganga mfawidhi kutia saini. Karatasi moja na kalamu vinatosha kuzuia hasara hii.